Tyubu za kuvulia za bei nafuu: nimeshanunua tatu, soma kabla hujatoa hela

Sasa jamani nimeona bora niandike, maana kila mtu akiniona nimekaa katikati ya bwawa kama nimekalia sofa anauliza hiyo kitu ni nini na imekaaje bei yake, namuelezea vizuri kabisa, alafu anaenda kununua anakosea palepale nilipokosea mimi.

Kwa ambao hamjawahi kuiona: ni boya la kujaza upepo lenye kiti, unakaa juu yake, miguu imening'inia kwenye maji umevaa mapezi kama ya wapiga mbizi, ukipiga miguu unaenda kinyumenyume taratibuuu, na mikono yote miwili iko huru kwa fimbo na mshipi. Mtandaoni ukitafuta andika float tube, ukikuta belly boat usishangae, Wazungu wa Ulaya wengi ndo wanavyoiita, kitu ni kilekile. Zamani ilikuwa tyubu ya lori tu imevalishwa kitambaa na kiti cha mkanda katikati, na ukweli ni kwamba za bei ya chini kabisa mpaka leo hazijaenda mbali sana na hapo.

Na hiyo ndo ilikuwa ya kwanza yangu. Ya mviringo, duara kabisa. Bei ilikuwa nusu ya zile zingine nikaona hapa nimewapata. Kumbe shida sio kwenye maji, shida ni kuingia na kutoka. Duara halina mlango, kwahiyo unaivaa kama sketi, unaingiza mguu mmoja wenye pezi refu kwenye tundu la kiti, alafu wa pili, umesimama kwenye tope, umeishika kiunoni na mikono yote, fimbo umeibana kwapani. Mara ya kwanza nilianguka chali mbele ya watoto waliokuwa wanachota maji na wakacheka mpaka mmoja akamwaga ndoo. Lakini tuache utani, hatari yake ni kwamba ukipinduka au ikianza kuisha upepo uko katikati ya duara, kutoka haraka hauwezi. Mi ya duara simshauri mtu hata kama anapewa bure.

Ya pili ilikuwa umbo la herufi U, mbele iko wazi. Hapo maisha yalibadilika, unairudia kinyumenyume unakaa, basi. Mbele kuna kafimbo ka kuunganisha mikono miwili ya boya isipanuke, usikapuuze, ukisahau kukafunga boya linajitanua na kiti kinashuka. Na kuna kitambaa cha wavu kinachokaa mapajani kama aproni, wale wa kurusha nzi, yaani wanaovua kwa chambo bandia chepesi cha mfano wa mdudu, wanalaza mshipi hapo usizame na kujisokota miguuni, na nyingi zina rula imechorwa juu yake ya kupimia samaki. Uzuri tu. Tatizo la U niliyonunua ilikuwa kiti, kilikuwa chini mno. Nakaa maji yananifika kiunoni, baada ya saa moja na nusu makalio yameshakufa ganzi, na kwa sababu mwili mwingi uko ndani ya maji kupiga miguu kunakuwa kama unasukuma kabati.

Hapa ndo pa kutulia kidogo, maana ndo penye siri yote ya kununua ya bei nafuu. Watu wanaangalia mifuko. Tangazo linasema mifuko sita, kishikio cha chupa, sehemu ya kusimika fimbo, rangi ya msituni, na mtu anapagawa. Mifuko utashonewa na fundi yeyote. Kitu ambacho fundi hakushonei ni upepo, yaani mpira wa ndani, valvu, na urefu wa kiti kutoka kwenye maji. Hela yako ndogo ipeleke huko, kwengine kote bana.

Tuanze na mpira wa ndani. Za bei nafuu nyingi ni PVC, na sio mbaya, sema ni nzito kidogo na kukiwa na baridi inakakamaa, ukiikunja palepale kila siku pale kwenye kunjo ndo itapasukia. Kuna za yurethani, nyepesi, laini hata kwenye baridi, lakini bei inaruka. Mi natumia PVC na sina kinyongo nayo. Ila angalia kama kava la nje lina zipu ya kuutoa huo mpira. Kuna moja niliishika dukani haina zipu, imeshonwa jumla, sasa ikitoboka unafanyaje, unaichana? Kava lenyewe utaona wameandika 420D, 600D, mpaka 1000D, hiyo D ni denier, uzito kwa gramu wa uzi mmoja ukiunyoosha mita 9,000, kwahiyo namba kubwa uzi mnene. Kwa bwawa la kawaida 600 inatosha. Kama unapovulia kuna visiki na miti ya miiba imezama, tafuta yenye namba kubwa hata kama ni chini tu kwenye tumbo la boya.

Valvu sasa. Kuna zile kama za tairi la gari, unaweza kujaza hata kwa pampu ya baiskeli, uzuri wake hapo tu. Katundu kake ni kadogo, kujaza utaimba nyimbo zote unazozijua na kutoa upepo ni vilevile, unakaa umebonyeza kile kichuma na ukucha huku jua linazama. Nyingine ni zenye mdomo mpana wa plastiki wa vipande viwili, za mtindo wa Boston kama za boti za mpira: kipande cha juu ukifungua unajaza na upepo haurudi, ukifungua chote upepo unatoka pfuuu dakika imeisha. Chukua hizo. Na pampu iwe ya upepo mwingi presha ndogo, ile ya mguu au ya mkono yenye bomba nene. Tafadhali usipeleke kwa fundi tairi wakujazie kwa kompresa, hiki kitu sio tairi, maungio yataachia.

Kuhusu uzito inaobeba, wauzaji wengi wanaandika kwa pauni, wewe gawanya kwa 2.2. Ikisema 250 ni kama kilo 113, 300 ni kilo 136. Sasa mtu ana kilo 90 anaona 113 akasema nafasi ipo. Haipo baba. Ongeza nguo, mapezi, suruali ya kuvulia (ile isiyopitisha maji), boksi la chambo, maji ya kunywa, na samaki kama Mungu amejalia. Itakubeba ndio, haitazama, lakini utakaa chini kama mimi na ile U. Nina kilo 88, hii yangu ya sasa imeandikwa 300 na ndo naona inanistahili, ingekuwa 350 ningeshukuru zaidi.

Hiyo ya sasa ni ya V. Mbele imechongoka kama mtumbwi wenye pua mbili, au tuseme nyuma, maana unaenda kinyumenyume ile ncha ndo inakata maji. Tofauti na U ni kubwa kuliko nilivyodhani, napiga miguu kidogo inateleza. Na kiti chake ni cha kujaza upepo, kimeinuka, maji yananifika mapajani tu. Kilo 7 na kidogo, naibeba mgongoni kwa mikanda yake. Kilichonifanya niichague ni kwamba ina mipira miwili ya ndani, kila upande wake, na mgongo wa tatu. Upande mmoja ukiisha upepo bado nina wa kunirudisha. Nyingine za V nilizoziona zina mpira mmoja uliokunjwa V, kwa nje hazitofautiki kabisa, kwahiyo hesabu valvu. Valvu mbili kubwa, vyumba viwili.

Lakini nayo haikuja salama. Siku ya kwanza niliijaza sebuleni nikaiacha usiku mzima (fanya hivi, usiende majini na kitu ambacho hakijalala kimejazwa saa 24), asubuhi upande wa kushoto umelala kama mkate uliokosa hamira. Nikachukua sabuni ya vyombo na sponji, nikapaka taratibu kuzunguka valvu, na pale kitako cha valvu kilipogundishwa vikaanza kutoka vipovu vidogovidogo, vimejipanga kama shanga, kimoja kinapasuka kingine kinachungulia. Muuzaji nilimtumia video, akanijibu eti niongeze upepo. Niongeze upepo! Siku tisa tumebishana ndo akatuma mpira mwingine. Huo hadi leo mzima. Kwahiyo kabla ya kununua uliza kama mpira wa ndani unauzwa peke yake, asiyekuwa nao mkimbie.

Kitu kingine kinachowachanganya wengi: unajaza ufukweni imekaza ngumi, unaingia majini baada ya dakika kumi imelegea, unaanza kumtukana muuzaji. Mwache, huyo hana kosa. Upepo ukipoa unasinyaa, ukitoka nyuzi 35 za juani ukafika nyuzi 18 za maji unapungua kama asilimia 5 na nusu hivi, na kwenye boya hiyo unaisikia kabisa. Ijaze, iloweshe kidogo, iongeze. Kinyume chake ndo balaa, ukitoka majini imekaza ukaiacha kwenye mchanga wa moto ukaenda kula, utasikia pwaa. Ukitoka tu, punguza upepo. Na usiifungie kwenye buti la gari imejaa.

Mapezi. Hapa bei nafuu inakuumbua, kwa sababu tangazo la tyubu halikuambii kwamba bila mapezi ni godoro tu. Mapezi mazuri yanaweza kukaribia bei ya tyubu yenyewe ya hali ya chini, kwahiyo ukipanga bajeti hesabu vyote: tyubu, mapezi, pampu, suruali ya kuvulia kama maji yana baridi, na jaketi la kuokolea maisha ambalo halina mjadala. Mapezi ya kuvaa mguu mtupu hayafai kama unavaa buti, tafuta ya mkanda nyuma. Na yafunge kamba kifundoni! Mi la kulia lilichomoka kwenye matope siku moja, likazama, nikabaki na moja. Unajua ukipiga pezi moja unaenda wapi? Popote huendi, unazunguka. Nilizunguka kama bata aliyechanganyikiwa, napiga mara mbili nageuka natumia mkono kunyoosha, mita themanini nimetumia karibu saa nzima, na samaki siku hiyo walikuwa wanaruka pembeni yangu kabisa.

Na ndo maana nasema hii kitu ni ya maji yaliyotulia. Mabwawa, maziwa madogo, vighuba. Mwendo wake hata mtu anayetembea kwa miguu anakuacha, kwahiyo upepo ukianza kukusukuma kutoka ufukweni utapiga miguu mpaka misuli ikaze na bado unaenda nao. Mi naangalia upepo unavyovuma asubuhi, naanzia upande ambao ukikazana utanirudisha nchi kavu. Mtoni kwenye mkondo usithubutu, miguu yako iko chini kule kwenye visiki huioni.

Maoni ya wanunuzi mtandaoni yasome ila chagua. Wale wa nyota tano wengi wameandika siku mzigo ulipofika, imefika haraka, rangi nzuri, asante. Wa nyota moja wengine wameijaza kwa kompresa. Mi nasoma wa nyota tatu, hao ndo wameshakaa juu yake.

Ya mtumba je? Nunua tu, watu wengi wananunua wanatumia mara mbili wanaitupa stoo. Ila mwambie aijaze mbele yako, ikalie pale pale chini, fungua na funga zipu zote (zipu iliyokula chumvi au mchanga ndo inakufa kabla ya mpira), nusa ndani ya kava, ikinuka uvundo ilikunjwa ikiwa mbichi na uzi umeshaanza kuoza, na pitisha kidole kwenye kunjo za mpira taratibu kutafuta vijimeno, panya wanaupenda sana ule mpira sijui una utamu gani.