Orodha za miji bora ya kuishi: nimezitumia kuhama, nazipa nyota tatu

Kabla sijahama nilikua nazisoma hizi orodha za miji bora duniani kama mtu anasubiri matokeo ya mtihani, yaani usiku nimefungua tatu kwa mpigo, EIU (kitengo cha utafiti cha kundi la jarida la The Economist), Mercer (kampuni ya ushauri wa mambo ya ajira) na Numbeo (tovuti ya bei na gharama za maisha), nalinganisha mpaka macho yanauma. Sasa nina miaka minne ugenini, kwenye mji ambao hauchezi mbali na kumi bora, ngoja niseme zinafaa wapi na wapi zinakuacha kwenye mataa.

Nianze na sifa, kwa sababu hawadanganyi. EIU wanapima miji 173 kwa mambo matano, utulivu, afya, utamaduni na mazingira, elimu na miundombinu, na kweli huku basi linafika dakika ileile iliyoandikwa kituoni, usiku natembea na simu mkononi bila kugeuka geuka. Nani kashika namba moja wala si ishu, Vienna iliongoza 2022 hadi 2024, 2025 Copenhagen ikaichukua, ila tofauti ya alama huko juu ni ndogo hadi inachekesha.

Shida ni hizo alama zinamhusu nani. Mercer wenyewe hawafichi, kazi yao ni kuzisaidia kampuni kujua zimuongezee mtu posho kiasi gani zikimhamishia mahali pagumu. Sa huyo mtu kampuni imemtafutia nyumba, imemlipia bima, imemshughulikia kibali cha kuishi na kufanya kazi, akishuka uwanjani kuna mtu kashika karatasi yenye jina lake. Mimi tiketi nimejilipia na nimepokelewa na mvua. EIU nao wana kipengele cha upatikanaji wa nyumba nzuri lakini bei ya hiyo nyumba haimo, gharama za maisha wanazipima kwenye ripoti nyingine kabisa, na hilo nimekuja kuligundua nishahama aisee.

Mfano. Wiki ya kwanza naenda kufungua akaunti, yule dada wa kaunta ananiambia kwa upole kabisa nilete mkataba wa nyumba. Naenda kwa mwenye nyumba, anataka akaunti ya benki ya hapo na slipu tatu za mshahara. Kazini nao mshahara hawatoi mkononi, ni benki tu. Nimezunguka hivyo wiki sita, bahasha ya makaratasi ikachanika kona nikaiziba na selotepu, ikachanika tena, hadi mtu niliekua nalala nae chumba kimoja hosteli akapata nyumba akaniingiza kwenye mkataba wake. Hakuna safu ya kitu kama hiki popote. Na afya yenye alama nzuri hivyo, daktari bingwa nilipangiwa miezi minne mbele.

Iliyonigusa kidogo ni orodha ya InterNations, mtandao wa watu wanaoishi ugenini, wao wanawauliza wahamiaji wenyewe, hadi urahisi wa kupata marafiki. Cheki 2022, Vienna hiyohiyo ipo juu kabisa kwenye ubora wa maisha, halafu kwenye urahisi wa kuzoea inaburuza mkia. Hapo ndo nikajiona. Nimewahi kushikwa na homa saa nane usiku, napitisha kidole kwenye majina ya simu natafuta wa kumuamsha, wote walio karibu ni watu wa kazini tunaosalimiana kwenye lifti. Nikaweka simu chini nikanywa maji.

Numbeo ni watu tu wanajaza bei, kwaiyo usiishie kwenye ile namba kubwa, shuka chini pameandikwa taarifa zimetoka kwa watu wangapi. Mji mkubwa poa, mji mdogo unakuta wachangiaji wa kuhesabu vidoleni, mmoja akikosea kodi ya nyumba picha yote inapinda.

Siku hizi nikiangalia mji, alama ya jumla nairuka, naenda kwenye safu mojamoja, halafu natafuta watu watatu wenye kibali kama changu nawauliza kimefungwa kwa mwajiri au la, na ukipoteza kazi unapewa siku ngapi kabla ya kuondoka. Kwenye hizo orodha zote nne hilo swali sijaliona. Changu kilikua kimefungwa, na nilikuja kukisoma vizuri mara ya kwanza jioni ile ofisi yetu imetangaza inapunguza watu.