Pleti za kubadilisha chapchap kwenye kichwa cha gluu ya moto: uzoefu wangu kiwandani

Wakuu, naanza na jibu ili mwenye haraka aondoke nalo: hizi pleti zinafaa na mimi kurudi kwenye zile za zamani sitaki hata kusikia, ila sababu yangu ya kuzipenda sio ile anayoipigia debe muuzaji. Yeye atakwambia bolti moja tu bosi, dakika chache umemaliza. Kweli bolti ni moja. Lakini utamu wenyewe uko kwenye kusafisha, na huko brosha haifiki.

Mi ni fundi wa matengenezo kwenye kiwanda cha pampasi hapa Dar, upande wa barabara ya Nyerere. Mtu asiyejua anadhani pampasi imeshonwa, wala, hamna sindano inayopita pale, kila kitu kimebandikwa kwa gluu ya moto: nailoni ya nyuma, kitambaa laini cha juu, ile pamba ya katikati yenye chembe zinazogeuka jeli zikilowa, lastiki za mapajani, za kiunoni, mpaka ile tepu ya mbele. Gluu inayeyushwa kwenye tangi, yetu tunaiweka nyuzi 150 mpaka 160 hivi, pampu ya gia inaisukuma, inapita kwenye hozi yenye hita ndani yake, inafika kwenye kichwa, na pale chini kabisa ya kichwa ndio kuna pleti yenye matundu au mfereji mwembamba. Hiyo pleti ndio inaamua gluu itoke na upana gani, mistari mingapi, ipulizwe au ipakwe.

Kichwa chetu cha zamani cha upande wa nailoni kilikuwa na midomo miwili iliyobanwa kwa msururu wa bolti za alenki, na katikati ya midomo kuna shimu, kile kibati chembamba kilichokatwa meno kama kitana. Ukitaka kutoka saizi midiamu kwenda laji mistari ya gluu inabadilika, kwa hiyo unafungua bolti zote kichwa kikiwa cha moto (kikipoa gluu inaganda, hapo hufungui kitu), unatoa shimu, unakwangua mdomo, unaweka shimu nyingine, unabana kuanzia katikati kwenda nje, unasubiri joto lirudi, unawasha, afu unakuta upande mmoja unatoa gluu nyingi kuliko mwingine, unafungua tena. Ikienda vizuri ni saa nzima, ikigoma ndio imekula shifti. Na mashine inatoa pampasi zaidi ya 400 kwa dakika, piga hesabu mwenyewe, nusu saa ya kusimama ni pampasi 12,000 hazipo, na meneja wa uzalishaji kasimama nyuma yako anaangalia saa kana kwamba we ndo umeiroga mashine.

Sasa hizi mpya. Kichwa na vali zake vinabaki palepale hamvigusi. Pleti inakuja nzima, mfereji na kila kitu kimeshapangwa ndani, inakaa chini ya vali kwenye pini mbili za kuiongoza na kubanwa na bolti moja. Pini hazijakaa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo hata opereta aliyechoka saa tisa usiku hawezi kuiweka kinyume, inamkatalia tu. Unalegeza, inashuka, unaingiza nyingine. Kwa mkono uliozoea ni dakika tano, ila usidanganyike kwamba dakika ya sita mashine inatembea, maana hiyo pleti uliyoingiza ni ya baridi na gluu ikigusa chuma cha baridi inakuwa nzito, inatoka kwa kukohoa. Sisi tumeweka kaoveni kadogo pembeni ya lain, pleti ya saizi inayofuata inapashwa humo mapema. Kwa mtindo huo ni kama robo saa mpaka upate pampasi nzuri ya kwanza. Bila oveni jipange kusubiri.

Kwenye kubana napo kuna jambo. Unabana kiasi kwanza, unaacha joto lienee, ndio unamalizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kwenye kitabu. Vijana wengi wana ule ugonjwa wa kuongeza kidogo ili iwe salama, kumbe ukizidisha pleti nyembamba inapinda katikati na gluu inaanza kuchungulia pembeni, wao wakiona inachungulia wanaongeza tena. Spana ya toki tunayo moja na inalala kabatini kwangu, mwenye shida aje aombe.

Na kuhusu usalama jamani, bolti kuwa moja kumefanya watu waone ni kazi ndogo. Juzi kati nipo na opereta mmoja, dada mzoefu tu, nikamwambia dada zima pampu kwanza, akanijibu nimeshazima kaka fundi, tena zamani. Nikamwambia angalia gauji, kile kipimo cha presha. Akaangalia, presha bado ipo, maana pampu kuzima sio presha kuisha, lazima ufungue vali ya kutolea ishuke mpaka sifuri. Ungelegeza ile bolti pale gluu ya nyuzi 150 inakurukia. Glavu ndefu za joto na miwani, sio zile glavu za pamba. Na ikikupata usiivute, itatoka na ngozi, weka maji baridi hapohapo kwa muda mrefu na uende hospitali nayo ikiwa imeganda hivyohivyo.

Tuje kwenye kusafisha sasa, hapa ndio roho ya hii habari.

Gluu ya moto ikikaa na joto muda mrefu inaungua, inatengeneza vipande vyeusi vigumu, sisi tunaita makaa. Makaa yakitembea yanafika kwenye tundu la pleti yanaziba. Kwa mfumo wa zamani tundu likiziba ulikuwa unalala chini ya mashine, kichwa kina moto, unachokonoa na kisindano, unapuliza na hewa, unaombea. Unalizibua kidogo lain inatembea, baada ya muda linaziba tena. Na kile kisindano cha chuma ndio muuaji mkubwa, kinakwaruza ukingo wa tundu, na tundu la kupulizia likishakwaruzwa gluu haipigi tena sawa, inaegemea upande. Watu wanalaumu gluu, wanabadilisha sapulaya, kumbe tundu limeshatobolewa vibaya na sisi wenyewe mafundi.

Kwa hizi za chapchap hamna kuchokonoa kwenye mashine. Unatoa chafu, unaweka safi, kazi inaendelea, chafu unaenda nayo mezani unaikalia kwa nafasi. Unailoweka kwenye dawa ya kusafishia iliyopashwa moto, ile ambayo haishiki moto kirahisi, gluu inalainika inaachia, afu inaingia kwenye kile kibeseni cha mtetemo wa sauti, vile vipovu vinaingia sehemu ambazo brashi haifiki kabisa. Brashi iwe ya shaba, sio waya wa chuma. Kwa tundu sugu kuna vile vijiwaya laini vinakuja na seti. Mwisho unaiweka kwenye mwanga, unaangalia tundu mojamoja na kioo cha kukuzia. Ile kazi ya kutulia vile huwezi kuifanya umelala chini ya mashine watu wanakusubiri, na ndio maana nasema faida iko hapa: pleti inasafishwa na mtu asiye na presha.

Moto wa gesi marufuku. Nimeona kiwanda kingine wanapiga mtungi, makaa yanaisha kweli, tena haraka, ila pleti inatoka imepinda kiasi ambacho kwa macho huoni, ukiirudisha inavuja. Zile za kupulizia ndio kabisa, ni vibati vyembamba vimepangwa tabaka, vijia vya gluu na vya hewa ya moto vimechorwa ndani kwa ndani, ukizipiga moto umezizika.

Kitu kingine ambacho kimebadilika kwetu ni lini tunabadilisha. Pampu ya gia haina habari kama tundu limeziba, yenyewe inasukuma kiasi kilekile kila mzunguko. Kwa hiyo tundu moja likiziba, gluu yake inahamia kwa majirani: hapa pengo, pale imezidi. Penye pengo nailoni inaachia, lastiki nayo kama haijashikwa vizuri inajirudi ndani pampasi inalegea mapajani. Palipozidi gluu inapenya kitambaa na pampasi zinashikana kwenye pakiti, mama anafungua anavuta moja zinatoka mbili. Zamani tulikuwa tunajua haya mpaka watu wa ubora waje na pampasi wameichana mkononi. Sasa hivi naangalia gauji tu. Lain iko spidi ileile, joto lilelile, na presha inapanda taratibu, hiyo pleti inaziba, napanga ibadilishwe wakati wa kubadilisha roli au saizi, kabla haijaharibu kitu. Huo uamuzi usingeweza kuufanya kama kubadilisha kwenyewe ni saa nzima, ungesema ngoja tusukume mpaka jioni.

Ila pleti mpya haitibu tangi chafu, hili niliseme kwa sauti. Kama mfuniko wa tangi unakaa wazi, vumbi la pamba linaingia, joto halishushwi mashine ikisimama, na filta inabadilishwa mpaka mtu akumbuke, basi utabadilisha pleti kama unabadilisha vocha. Tangi na filta kwanza.

Bei. Zina bei, sikufichi, pleti moja orijino inazidi mshahara wangu wa mwezi, na ukinunua moja moja kwa kila kichwa umefanya nusu ya kazi, maana chafu ikitoka lazima safi iwepo kabatini. Kwa hiyo ni mbili mbili kwa kila muundo. Hapo ndio bosi anakuna kichwa anasema si kuna mafundi wa kuchonga vyuma kule mtaa wa Gerezani, wapelekee sampo. Na mafundi wa Gerezani mi nawaheshimu, bushi, shafti, hata gia wanakuchongea vizuri tu. Tulipeleka ile ya mfereji mpana mmoja. Kwa macho ilikuwa safi kabisa inang'aa, ila ikipata joto gluu inatafuta njia kati ya pleti na vali, kwa sababu uso unatakiwa uwe bapa kuliko mashine ya karakana ya kawaida inavyoweza kutoa. Za kupulizia hata usiulize, vile vijia havitobolewi kwa drili. Walichotusaidia sana ni kile kibao cha adapta cha kushikia pleti kwenye kichwa cha zamani, hicho walikichonga vizuri na mpaka leo kinafanya kazi.

Nyingine ni zile za bei chee za mtandaoni. Chuma chake sio kibaya kivile, shida ni oringi, zile pete za mpira za kuzuia gluu isivuje. Zinakuja na oringi nyeusi za kawaida ambazo kwa joto letu zinakauka zinakuwa ngumu zinapasuka, gluu inavuja, unaambiwa pleti mbovu. Zitupe zote kabla hujafunga, weka za vitoni, ule mpira unaovumilia joto. Na kila ukitoa pleti badilisha oringi, usirudishe ya zamani eti bado nzima, oringi ni hela ya chai.

Kwa anayetaka kuagiza: watengenezaji kama Nordson, ITW Dynatec na Robatech kila mmoja ana mfumo wake, pleti ya huyu usitegemee itakaa kwenye kichwa cha yule, na wengine wanaotengeneza za kufanana waulize wakupe mchoro wenye vipimo kabla ya hela. Pima umbali wa bolti, pima matundu ya gluu na ya hewa yanapokutana na vali, piga picha namba iliyochongwa kwenye kichwa, na mwambie muuzaji gluu yako inatumia joto gani na uzito gani kwa mita ya mraba. Zikifika zichonge namba zako mwenyewe, kila pleti iwe na daftari lake, lini imeingia, lini imetoka, presha ilikuwa ngapi. Sisi tumeanza na upande wa nailoni na wa pamba ya kati ambako ndiko kulikuwa kunatutesa, za lastiki bado tuko na mfumo wa zamani, bosi kasaini wiki iliyopita, zinakuja na mzigo wa spea unaofuata.