Adapta ya ruta: pini kuingia sio kufaa, soma ampea

Mwezi uliopita nilipigwa hapa Mwanga, Kigoma. Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, adapta ya ruta ikafa, nikaenda duka moja karibu na soko, jamaa akachomeka pini kwenye ruta yangu, ikaingia, akasema dada hiyo hapo, lete elfu kumi na mbili. Nikalipa. Mimi nina steshenari, vijana wanakuja kutuma maombi ya vyuo, sasa wakishaunganisha watu wanne watano ruta inajizima na kujiwasha yenyewe, mtoto wa watu amefika kwenye kupandisha cheti, taa zote zinazima, anaanza upya. Wiki nzima nalaumu mtandao, nimebadilisha mpaka laini.

Fundi akaipima kwa mita. Ikiwa peke yake inatoa volti 12 safi kabisa, akiunganisha ruta zinashuka mpaka 9 na kitu. Na lebo imeandikwa 12V 2A, yaani volti 12 ampea 2, kumbe inadanganya!

Volti zilingane na za kifaa, hilo mnalijua. Ampea, yaani kiasi cha umeme adapta inachoweza kutoa, ndio tunaumizwa. Ampea za adapta ziwe sawa na za kifaa au zaidi, zikizidi haina shida kwa sababu kifaa kinavuta kiasi chake tu, ruta ya 1A ukiipa adapta ya 2A itavuta ile moja yake basi. Ukiipa ya 0.5A adapta inalemewa, inachemka, volti zinaanguka. Na jamani someni mstari wa OUTPUT. Ule wa INPUT, 100-240V 0.5A, ni wa upande wa ukutani, hauhusiani na ruta yako, ila kuna wauzaji wanakuonyesha huo huo. Ukikuta 1000mA, hiyo ndio 1A.

Sasa cha kununua, maana lebo nyingine zinadanganya kama ile yangu. Namba moja kwangu ni Huawei orijino, hata iliyotumika, na sifichi kwamba naipendelea. Namba yake ya modeli inajieleza yenyewe: HW-120200 ni volti 12.0 na ampea 2.00, HW-120100 ni ampea 1.00. Ninayotumia sasa nimeitoa kwa fundi kwa elfu kumi na tano, ilikuwa ya ruta mbovu, inashinda inawaka mpaka usiku na ukiigusa ni vuguvugu tu.

Ya pili TP-Link, nayo inasomeka hivyo hivyo, T120100 ni 12V 1A, T090060 ni 9V 0.6A. Hapo muwe makini, maana ruta zao ndogo nyingi ni za volti 9, usije ukaichomeka kwenye king'amuzi cha 12 ukadhani king'amuzi kimekufa.

Ya tatu Mean Well ya Taiwan. Ni imara sana, ila mpaka uagize Dar na bei yake inauma.

Zile za vichwa vingi zenye swichi ya kuchagua volti, kwa redio ndogo sawa, kwa ruta hapana. Za elfu tano msinunue.

Pia angalieni kile kialama cha duara lenye nukta katikati, + na - zikae kama zilivyo kwenye kifaa, zikipishana unaweza kuunguza kifaa kabisa.

Kinachoniudhi zaidi ni hawa wauzaji wetu. Ukiomba wakupimie hawana mita, ukirudisha kesho yake unaambiwa mali ikishatoka dukani hairudi, ukilalamikia bei unaambiwa mzigo umetoka Dar kwa treni, sawa reli inaishia Kigoma, lakini nauli ya kitu kinachoenea kiganjani ni shilingi ngapi? Mimi nilirudi na lebo na vipimo vya fundi, jamaa akachukua ruta, akachomeka tena, akaniambia dada si unaona imeingia.