Nilinyanyua Hilux yangu mara mbili: uzoefu wangu Mbeya

Nina Hilux Vigo ya 2008, dabo kebini, dizeli ya 3.0. Napanda nayo Matamba na Kitulo kufuata viazi, na masika njia za kuingilia mashambani zinageuka mifereji: tairi zinazama kwenye makorongo, tumbo la gari linalalia tope. Nimevutwa na trekta mara mbili. Ndipo nikaamua kulinyanyua, yaani kuliongezea kimo kutoka ardhini.

Gereji ya kwanza ilikuwa hapahapa mjini. Walimaliza kwa saa tatu. Mbele waliweka spesa, vipande vya kuongeza urefu, juu ya shokapu, nyuma wakapachika bloki za chuma kati ya springi na ekseli. Gari likapanda inchi tatu na ushee, na nakiri lilipendeza.

Wiki ya tatu nikashuka nalo Hamsini na Saba, ile barabara ya Matamba kwenda Chimala yenye kona zake 57, nyuma nina gunia saba. Nilikuwa gia ya pili, sina haraka. Katikati ya mteremko pedali ya breki ikaanza kulainika, kisha harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mama watoto alikuwa kiti cha mbele. Nikalisimamisha penye upana, tukaweka mawe kwenye tairi, tukakaa karibu saa nzima tukisubiri rimu za mbele zipoe. Za nyuma nilizigusa kwa kiganja. Zilikuwa vuguvugu tu.

Nililipeleka kwa fundi mwingine, mtu mzima, upande wa Uyole. Nilipomwambia habari ya rimu za nyuma hakuuliza zaidi, akaingia chini ya gari na tochi. Alipotoka akasema, "Kaka, breki zako za nyuma ni nzima. Zimedanganywa."

Akaniita nione. Kwenye chesisi, karibu na ekseli ya nyuma, kuna valvu ya breki yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Ukipakia mzigo, chesisi inashuka, inaikaribia ekseli, fimbo inasogea na valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Gari likiwa tupu, valvu inaibana nguvu hiyo ili tairi za nyuma zisijifunge na kuteleza. Sasa ukiweka bloki, ekseli inakuwa mbali na chesisi hata ukipakia. Valvu inadhani gari ni tupu. Breki za mbele zinabeba karibu kazi yote, na mteremkoni zinachemka. Gereji ya kwanza hawakuigusa kabisa, na mimi sikujua kama kitu hicho kipo.

Kuna jingine alilolikuta. Mpira unaofunika sivijointi ya kushoto, kile kiungo cha shafti inayozungusha tairi la mbele, ulikuwa umechanika, grisi imetapakaa ndani ya rimu. Ukinyanyua mbele kupita kiasi, shafti zinakaa kwa mshazari mkali, mpira unasagika kila tairi inapozunguka. Kwa gari la aina hii yeye havuki inchi mbili mbele, na namuunga mkono.

Tulitoa kila kitu. Niliagiza springi na shokapu za chapa ya Old Man Emu, mbele na nyuma, maana springi zangu za zamani zilikuwa zimeshalala, sehemu ya urefu niliokuwa nautafuta ilipotea hapo. Kabla ya kushika spana alipima kutoka katikati ya habu, kile kitovu cha tairi, hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, akaandika. Kupima kuanzia ardhini hakufai, tairi iliyoisha inakudanganya.

Na namna alivyofanya kazi ndiyo hasa iliyonifanya niandike haya. Wale wa kwanza waliingia chini ya gari likiwa juu ya jeki moja na gogo. Huyu aliweka stendi chini ya chesisi, akazuia tairi zilizobaki chini, akalisukuma gari kwa bega kabla ya kijana wake yeyote kuingia. Springi za mbele alizibana kwa presi iliyofungwa ukutani na kumwambia kila mtu asimame pembeni, kwa sababu springi iliyobanwa ikichomoka inaua. Yubolti za nyuma, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, aliweka mpya, za zamani akazitupa. Tairi zikiwa zinaning'inia alizungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, akiangalia hosi za breki kama zinavutika. Bolti za bushi, ile mipira ya kwenye viungo, alizikaza mwisho, gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukizikaza likiwa hewani, bushi zinajipinda na kupasuka mapema.

Kisha akainua kishikio cha ile valvu kulingana na ekseli ilivyoshuka. Alaimenti (mwelekeo wa tairi) na taa za mbele tulirekebisha siku hiyohiyo, maana taa zilikuwa zinawapiga watu machoni.

Ufundi laki tatu na nusu, siku mbili. Baada ya kilomita 500 nilirudi akakaza upya kila bolti, bila malipo. Nimeshuka Hamsini na Saba mara nyingi tangu hapo, na mzigo uleule. Nikifika Chimala nashika rimu zote nne: za nyuma sasa zina moto wa kueleweka.

Lililobaki ni kwamba gari likiwa tupu linarusha, na lina kimo. Nikienda Njombe kupitia Makambako, upepo wa pale unalisukuma pembeni kuliko zamani, kwa hiyo kipande kile sivuki 80.