Aneksini V au TUNEL: kupima kifo cha seli za ini kinachochochewa na HBx

HBx, protini ya virusi vya homa ya ini B yenye asidi amino 154, hufika hadi kwenye mitokondria (vinu vya nishati vya seli), hupunguza chaji ya utando wake, na saitokromu c, protini iliyomo humo, ikivuja, kaspasi 9 kisha 3, yaani vimeng'enya vya kuua seli, huamka. Swali ni upime hatua ipi.

Aneksini V, protini yenye rangi ing'aayo, hushika fosfatidilserini, mafuta ya utando wa seli, yanapogeukia nje ya seli, yaani mapema. Dakika 15 gizani zinatosha, kisha pima ndani ya saa moja. Balaa lake ni kwamba seli za ini hushikamana na sahani. Tripsini, kimeng'enya cha kuzibandua, ikizidi huchubua utando, na seli zilizo hai huonekana zinakufa. EDTA, kemikali inayotumika pamoja na tripsini, nayo hunyakua kalsiamu, na bila kalsiamu aneksini haishiki kitu. Osha vizuri kabla ya kuongeza bafa yenye kalsiamu. Usimwage seli zinazoelea: nyingi ndizo zilizokufa.

TUNEL, kipimo cha kutia alama kwenye ncha za DNA, huona DNA iliyokatika, hatua ya mwisho. Seli hukazwa zisiharibike kwa paraformaldehaidi 4%, hutobolewa kwa Triton (aina ya sabuni), kisha kimeng'enya cha kutia alama hufanya kazi saa moja kwenye nyuzi 37. Inafaa vipande vya ini, ambako aneksini haifai. Ila seli zilizokufa kwa nekrosi, yaani kwa kuharibika tu, nazo huwaka.

Kwa seli za sahani, sisi tungechagua aneksini pamoja na propidiamu, rangi inayoingia kwenye seli zenye utando uliopasuka. Vyovyote vile, weka pembeni, kwa kulinganisha, seli zilizopewa plasmidi tupu (duara la DNA lisilo na HBx). Kemikali ya kuingizia DNA nayo huua.