Vidonge vya Karnitini: Lebo Imeahidi Kuliko Kopo

Nilinunua kopo la vidonge 60 vya karnitini, kila kimoja cha miligramu 500, katika duka la virutubisho lililo jirani na ukumbi wa mazoezi, kwa kuwa lebo ilidai kwamba "huamsha vimeng'enya vya kuyeyusha mafuta", yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. Nilimeza viwili kila siku baada ya kifungua kinywa, kama ilivyoelekezwa, hadi kopo likaisha.

Bidhaa yenyewe haina kasoro kubwa: kopo lilikuwa na lakiri, tarehe ya mwisho wa matumizi ilisomeka, na tumbo halikunisumbua. Shida ni maneno ya lebo, kwa maana karnitini haiamshi kimeng'enya chochote, bali ni mchukuzi tu. Asidi ya mafuta ya mnyororo mrefu, kama ile ya palmitiki iliyo tele katika mafuta ya mawese, haipenyi yenyewe utando wa ndani wa mitokondria, vile vijumba vya ndani ya seli vinavyochoma mafuta kupata nishati. Kimeng'enya kilicho kwenye utando wa nje, karnitini palmitoiltransferasi 1, huipachika kwenye karnitini ili ivushwe. Ikishavuka, vimeng'enya vingine huikata kaboni mbilimbili, na hivyo palmitiki yenye kaboni 16 humalizika kwa mizunguko 7, ikitoa vipande 8 vya asetili-koenzimu A, ambavyo seli huvichoma kupata nishati.

Kinachotawala kivuko hicho ni chakula. Ukishakunywa chai ya sukari na maandazi, insulini hupanda, malonili-koenzimu A (kemikali ambayo seli huitumia kutengeneza mafuta) huongezeka ndani ya seli, nayo hukizuia kile kimeng'enya cha utando wa nje, yaani cha mlangoni, kisifanye kazi. Kwa hiyo lebo iliniagiza nimeze vidonge saa ileile ambayo mlango umefungwa! Isitoshe, ini na figo hujitengenezea karnitini kutokana na asidi amino za lisini na methionini, na nyama nyekundu huongeza nyingine, ilhali ya vidonge hufyonzwa kwa sehemu ndogo tu. Anayemeza gramu 3 kwa siku anaweza hata kutoa harufu ya shombo mwilini, jambo ambalo lebo haikuligusa.

Wapo wanaoihitaji kweli, hasa waliozaliwa na upungufu wa karnitini, lakini hao huandikiwa na daktari. Mimi mizani ilinionyesha kilo 84 siku ya kwanza na kilo 84 siku ya mwisho, na muuzaji nilipomweleza akanishauri nichukue kopo kubwa zaidi. Natoa nyota 2 kati ya 5, zote kwa ajili ya ufungashaji.