Rudi Ulikochanjwa: Uzoefu Wangu na Dozi ya Pili Hapa Moshi

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetaka kujua chanjo ipi ilitengenezwa wapi na inakinga kwa kiasi gani ayatafute maelezo hayo kwingine, maana yamejaa tele. Mimi nataka kuzungumzia dirisha moja la mapokezi katika kituo kimoja cha afya hapa Moshi mjini, ambacho sitakitaja, na kijana aliyekuwa ameketi nyuma ya dirisha hilo siku nilipompeleka mama yangu mzazi kuchanjwa dozi ya pili ya UVIKO-19.

Wakati huo gari la matangazo lilikuwa likipita karibu kila siku, kipaza sauti kikiwahimiza wote waliopata dozi ya kwanza wakamilishe ya pili katika kituo chochote cha kutolea huduma za afya kilicho karibu nao. Redioni nako taarifa ya chanjo ya mkoa ilisomwa ikarudiwa, ikieleza kwamba wapo watu wengi waliochanjwa mara moja wakaishia hapo, na kwamba kwa chanjo za dozi mbili mtu wa namna hiyo anahesabiwa kuwa hajakamilisha. Maneno "kituo chochote" niliyasikia mwenyewe, na mama aliyasikia akiwa anamenya ndizi, ndiyo maana safari hii yeye ndiye aliyeanza kunihimiza mimi. Mama ana umri wa zaidi ya miaka 70, ana shinikizo la damu, na magoti yake hayapendi mteremko. Kutoka kwetu Kibosho anatakiwa ateremke kwa miguu hadi barabarani, asubiri Hiace ijae, kisha abanwe humo ndani hadi stendi. Mzee wa namna hii akikubali kushuka mjini kwa ajili ya sindano ambayo majirani kadhaa walikwisha kumwambia itamuua ndani ya miaka miwili, basi sehemu ngumu ya kazi ya uhamasishaji imeshafanyika, na kilichobaki ni mtu wa kumpokea.

Dozi ya kwanza alichanjwa kwenye hema lililosimamishwa nje ya kanisa baada ya misa, katika kipindi kile ambacho wahudumu wa afya waliwafuata watu makanisani, misikitini, sokoni na kwenye minada badala ya kuwasubiri vituoni. Chanjo iliyokuwepo siku ile ilikuwa Sinopharm, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri itolewe mara mbili kwa nafasi ya wiki 3 hadi 4. Hakuna aliyetuuliza tunataka ipi, na wala hatukuona ubaya wowote katika hilo. Tulipanga foleni, tukachanjwa ile iliyokuwa ndani ya kisanduku cha baridi. Mama aliandikiwa kadi yenye jina la chanjo, namba ya toleo na, kwa upande wa pili, tarehe ya kurudi. Akaiweka kwenye bahasha moja na kadi yake ya jumuiya ndogondogo, na wanaomfahamu mama wanajua kwamba hapo ndipo mahali salama kuliko pote katika nyumba yake. Tarehe ikafika, ikapita, na hema halikuonekana tena.

Ndipo tukashuka mjini. Foleni ilikuwa fupi na mazingira yalikuwa safi, nalisema hilo nisije nikaonekana nimekuja kubomoa tu. Mama alisimama mbele ya dirisha, akangoja shikamoo yake, kama mzee yeyote wa huku kwetu ambavyo angengoja akiwa mbele ya kijana wa umri wa wajukuu zake. Haikuja. Kijana alikuwa anasoma kitu kwenye simu, akapitisha mkono kwenye tundu la kioo bila kuinua macho, vidole vikiitisha kadi. Nikampa kadi. Akaitazama upande mmoja tu, ule wenye jina, hakuigeuza aone tarehe, akairudisha kwenye tundu kwa kuisukuma na ukucha.

"Hii siyo ya hapa. Rudini mlikochanjwa."

Nikamweleza kwa upole, kwa sababu wakati huo upole bado nilikuwa nao, kwamba tulikochanjwa ni kwenye hema, na kwamba hema lile lilikunjwa jioni ya siku ile ile na kuondoka na waliolileta.

"Basi msubiri lirudi."

Nikamkumbusha tangazo la kituo chochote. Akanijibu kwamba aliyetangaza ndiye atakayetuchanja. Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, akamgeukia mama na kumuuliza, "Na wewe bibi, kwa nini hukuchanja ile ya mara moja ukamaliza kazi?"

Mama akamjibu, "Baba, nilichanjwa niliyopewa."

Kwa wasiokaa huku, mwanamke mzee akimwita kijana "baba" anamheshimu na kumbembeleza kwa pamoja. Mama alimpa kijana yule heshima ambayo yeye mwenyewe hakuitoa hata kwa salamu. Watu wawili watatu nyuma yetu walicheka, sijui walimcheka nani, na mama akaanza kuirudisha kadi kwenye bahasha taratibu, akiikunja pale pale ilipokuwa imekunjwa tangu mwanzo.

Nikauliza swali la mwisho: ikiwa Sinopharm haipo, na kituo kina Janssen, ile chanjo ya dozi moja, je, haiwezekani mama akapewa hiyo? Jibu lilikuwa kwamba nikitaka kuchanganya nichanganye, ila likitokea la kutokea nisije kumlaumu mtu. Hapa ndipo nilipochemka. Kufikia Desemba 2021 WHO lilikuwa limekwisha kutoa mwongozo unaoziruhusu nchi zilizoanza na chanjo za aina ya Sinopharm kufuatisha aina nyingine, ikiwamo ya kundi la Janssen, kulingana na chanjo zinazopatikana. Miezi miwili kabla ya hapo wataalamu wa shirika hilo hilo walikuwa wameshauri kwamba wenye miaka 60 na kuendelea waliochanjwa Sinopharm waongezewe hata dozi ya tatu, kwa kuwa kinga yao huwa hafifu zaidi. Simlaumu karani kwa kutokuwa na nyaraka hizo kichwani, kwani si kazi yake. Lakini nyuma yake kulikuwa na mlango uliokuwa wazi, ndani ya mlango kulikuwa na muuguzi aliyevaa sare ambaye nilimwona kwa macho yangu akipanga pamba kwenye sinia, na kumuuliza kulihitaji kijana ageuze shingo tu. Hakuigeuza. Hakuangalia kitabu, hakuangalia jokofu, hakumwita mtu. Badala yake alimtisha mzee ambaye alikwisha kutishwa vya kutosha na majirani.

Nimejaribu kumtetea, amini usiamini. Nilipokuwa kwenye Hiace tukirudi nilijiambia kwamba huenda dozi za pili zilikuwa adimu na vijana kama yeye wamechoka kutukanwa kwa upungufu wasiousababisha. Hilo lilitokea kweli kwa jirani zetu. Kenya walianza kuchanja Machi 2021 kwa AstraZeneca, na kabla mwezi haujaisha India ikabana usafirishaji wa chanjo iliyokuwa ikitengenezwa kule kwa sababu ya wimbi lake yenyewe la maambukizi. Wakenya wakalazimika kusogeza dozi ya pili kutoka wiki 8 hadi wiki 12, na watu wakakaa na kadi zao wakisubiri meli na ndege. Kule, mtu wa dirishani akisema "hakuna", alikuwa anasema kweli, na hasira ilipaswa ielekezwe mbali sana na yeye. Sisi tulianza kwa kuchelewa: shehena ya kwanza ya Janssen, dozi zaidi ya milioni 1, ilifika Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani tarehe 28 ya mwezi huo, na aina za dozi mbili zikafuata baadaye. Kwa hiyo nikasema labda, pengine, huenda, Sinopharm haikuwepo kabisa Moshi siku ile. Nikamshusha kijana makosa nusu.

Nusu hiyo nilimrudishia yote, tena na riba, wiki chache baadaye.

Timu ya wahudumu ilipanda hadi kwetu siku ya soko. Mara hii hapakuwa na hema, walikuwa na meza moja chini ya mti na kisanduku cha baridi cha rangi ya buluu. Muuguzi aliyekuwa mezani, dada wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwona mama kwa mbali akikokota miguu, akasimama, akamfuata kwa hatua kadhaa na kumpa shikamoo kabla hata hajajua amekuja kwa lipi. Akamketisha kwenye kiti chake yeye. Akaipokea kadi kwa mikono miwili, akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma, kisha akamwambia kwamba tarehe imepita lakini hakuna kilichoharibika, kwani dozi ya pili ikichelewa hupewa tu pale mtu anapofika na wala hakuna kuanza upya. Hebu fikiria ni wiki ngapi mama alikuwa amelala na wasiwasi kwamba sindano ya kwanza imekwisha kuoza mwilini. Sentensi moja ikauondoa. Akamuuliza kuhusu dawa zake za presha, akamwonyesha kichupa kidogo cha mtu mmoja na maandishi yake kabla ya kuvuta dawa, akamchanja, akamwambia akae kidogo kivulini, na wakati mama amekaa akampelekea maji. Huduma hii ningeipa alama zote tano na ya sita nikaazima kwa jirani.

Nikamuuliza, kwa kutaka tu kujua, Sinopharm imeingia lini.

"Ipo muda mrefu," akasema. "Tunazichukua kila asubuhi kwenye jokofu la pale mjini." Akakitaja kituo.

Ni kile kile. Kisanduku cha buluu kilikuwa kimetoka kwenye jengo ambalo mama alifukuzwa dirishani pake, pengine kupitia mlango ule ule ambao kijana hakutaka kugeuza shingo kuutazama. Dozi ilikuwa hapo, umbali wa ukuta mmoja. Upungufu wa chanjo ningeuelewa, na hata foleni ya kutwa nzima ningeivumilia, maana tumezizoea. Lakini kutumia ndege kuleta kitu kutoka China, ukakilaza kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kwa uangalifu wote huo, ukalipa gari na kipaza sauti kuwaita wazee kutoka milimani, halafu ukamweka mlangoni mtu anayewarudisha, huo ni upotevu ambao sijaona jedwali lolote la mkoa linalouhesabu. Waliokosa kurudi kwa dozi ya pili wanaandikwa wote kundi moja la walioacha, na katika kundi hilo wamo watu kama mama, ambao walirudi na wakakataliwa.

Nilikuwa nimekusudia kumalizia kwa sifa za muuguzi, na kusema kwamba kwa jumla mpango ni mzuri na kasoro ni ya mtu mmoja. Siku ile chini ya mti nilikuwa tayari kabisa kusema hivyo. Lakini juzijuzi kaka yangu aliyeko Mombasa alitaka mama aende akapumzike kwake, tukapanga kupitia Holili, na kwa kuwa mpakani cheti cha chanjo bado kilikuwa kinaulizwa nikakitafuta mtandaoni. Kinaonyesha dozi moja. Ya pili, ile ya chini ya mti, imo kwenye kadi kwa mwandiko mzuri wa muuguzi na mhuri juu yake, lakini kwenye mfumo haimo. Nikapiga simu kwa dada yule, ambaye alinipa namba yake mwenyewe bila kuombwa. Akaomba radhi kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma, akaeleza kwamba wao hujaza daftari tu kwa sababu huko juu mtandao hukatika, na kwamba majina huingizwa baadaye na karani wa mapokezi kule mjini. Marekebisho pia yanafanyikia hapo hapo, dirishani, na mwenye kadi anatakiwa afike yeye mwenyewe.

Nimemfikishia mama ujumbe huo kama ulivyo. Ameniambia kwamba yeye ameshachanjwa, mkono wake unajua hivyo, na kwamba kaka atapanda mwenyewe Desemba kama Wachaga wengine wote, akimtaka amtazame hapa hapa Kibosho. Kwa dirisha lile haendi. Nimejaribu kumshawishi kwa kusema kwamba huenda sasa wameweka mtu mwingine, akaniuliza nimejuaje, na sikuwa na jibu. Kwa hiyo zile alama tano za muuguzi zinabaki kwake yeye binafsi, mahali popote atakapohamishiwa. Kituo nilikuwa nimekiandikia mbili kwa ajili ya usafi, nikafuta nikaandika moja, na sasa hivi ninapomaliza kuandika naona hata hiyo moja nimeitoa kwa woga tu wa kuonekana mkali.